Brashi na Mchezo wa Giza

Usimwamini mtu atakayekwambia kwamba wachora mabango ni watu wapole. Brashi alikuwa mchora mabango tangu enzi zile ambazo duka lisilo na bango lilikuwa chumba tu chenye mtu ndani, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko tapentaini ya kutolea rangi. Mteja akilalamika kwamba herufi zimekwenda upande, alimwambia anyooshe shingo kwanza. Akisema rangi nyekundu imezidi, Brashi alimuuliza kama anauza nyama au anauza huzuni. Watu walimvumilia kwa sababu mkono wake haukuwa na mpinzani. Alikuwa akivuta uzi wa chaki, anabana pumzi, kisha anaiweka herufi mara moja tu, na haihitaji kurudiwa.

Halafu zikaja mashine za kuchapisha mabango ya plastiki. Waliokuwa wateja wake wakawa wanapita mbele ya karakana yake na mabango yaliyoviringishwa kwapani kama mikeka, wakimsalimia kwa haraka na macho wameyapeleka ng'ambo ya barabara. "Waache," alisema Brashi. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Mke wake, ambaye naye hakuzaliwa bubu, akamjibu, "Haya, chema. Mbona mwezi mzima hujajiuza?"

Alikuwa na mdogo wake mmoja, wa baba mmoja na mama mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidude. Jina hilo alilipata utotoni kwa tabia ya kufungua kila kidude alichokiona. Alifungua saa ya ukutani, akafungua pasi, na siku ya fainali ya mpira akafungua redio ya baba yao dakika chache kabla ya mechi kuanza. Kufungua alijua. Kufunga ndiko kulikomshinda, na kipigo cha siku ile Brashi alikisimulia hata walipokuwa watu wazima, mbele ya wageni, kwa raha kabisa.

Ukubwani Kidude alijifunza kuandika programu za kompyuta, na siku moja akaja karakana akakalia kopo la rangi tupu.

"Kaka," akasema, "nichoree giza."

"Giza halichorwi. Unazima taa tu, linakuja lenyewe, bure."

"Basi nichoree mji ambao mtu amezima taa."

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mchezo wao wa kompyuta, na jina lake likawa *Nani Amezima Taa*. Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu. Mtoto mmoja aliyejivika ndoo kichwani anaamka katika mji usio na taa. Anasikia sauti ikimwita mara moja, kisha kimya. Anaanza kutembea kuifuata. Anaruka mitaro, anapanda ngazi, anaigeuza ndoo na kusimama juu yake pale asipofika. Hakuna bunduki wala adui. Kuna watu tu, wamelala wamesimama milangoni mwao, na ukiwaamsha wanalia, nawe unarudi ulikoanzia. Hakuna anayekueleza lolote. Unatembea kwenye giza na mvua na sauti ya nyayo zako, na unaanza kumwonea mtoto yule uchungu bila kujua kwa nini.

Kidude aliandika programu, Brashi akachora. Lakini Brashi hakuwahi kuchora kitu kinachoenea kwenye karatasi. Mkono wake ulizoea vitu vya kusomwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Basi akaichora ile mitaa ya giza kwenye mbao za plaiwudi ndefu kuliko yeye mwenyewe, nyuma ya mabango ambayo wateja hawakuja kuyachukua. Wakawa wanazipandisha mbao hizo juu ya paa, Kidude anazipiga picha, picha zinaingia kwenye mchezo. Tatizo lilikuwa jua. Rangi ya mafuta ikipigwa na jua inang'aa na picha inaharibika, kwa hiyo walikaa paani wakisubiri wingu. Majirani walipowaona ndugu wawili wamekaa juu ya nyumba siku nzima, nyuso zimeelekea mbinguni, wakadhani wamepata dini mpya.

"Mnaomba mvua?" mke wa Brashi aliwauliza kutoka chini.

"Tunaomba wingu," akajibu Kidude. "Mvua ikija utaanua nguo zako mwenyewe."

Mchezo ukatoka, ukawekwa kwenye mtandao. Haukuwatajirisha. Watu wa mbali waliununua kidogo kidogo. Mmoja akaandika kwamba amelia, mwingine akaandika kwamba kwake haufunguki. Baada ya hapo Brashi alizigeuza zile mbao akachora mabango upande wa mbele, kwani kazi ni kazi. Mpaka leo, nyuma ya bango la bucha lililo pale kona, kuna daraja lililovunjika likiutazama ukuta.

Kuhusu daraja hilo kuna jambo ambalo ndugu hawa wawili hawakumwambia mtu. Siku ya mwisho kabla mchezo haujatoka, Kidude alisema, "Kaka, kila bango lako unaliwekea sahihi pembeni. Mchezo wetu hauna sahihi." Akaficha chumba chini ya daraja. Kwingine kote kwenye mchezo, mtoto akidondoka anakufa. Pale darajani, ukisimama ukingoni mwa pengo na badala ya kuruka ukajiachia tu, hufi. Unaangukia kwenye chumba chao. Hakuna mchezaji aliyewahi kukiona, maana nani mwenye akili zake atajiachia kwenye shimo kwa hiari? Ilikuwa siri yao, na walipokutana kwenye misiba na harusi, mmoja aliweza kumwambia mwenzake "darajani" na wote wawili wakacheka, na wake zao wakakunja nyuso.

Miaka ikapita. Kidude akaugua homa iliyopanda kwenye ubongo.

Hospitali alitoka akitembea kwa miguu yake. Alikula vizuri, alivaa shati na kulifunga vifungo, alisoma gazeti kwa sauti bila kukwama. Jambo moja tu ndilo halikuwepo. Hakumjua mtu. Hakuwa mwehu, na ingekuwa afadhali angekuwa mwehu, maana mwehu anatukana na wewe unapata pa kuanzia. Kidude alikuwa na adabu. Mke wake alimwita "dada" na kumshukuru kwa kila glasi ya maji. Kaka yake alimwita "fundi", kwa kuwa alimwona na rangi kwenye kucha, akaona huyu lazima ni fundi wa kitu fulani. Alimpisha kiti. Alimuuliza habari za nyumbani. Brashi, ambaye alikuwa amemfundisha kutembea, kuogelea na kusingizia wengine, alijibu kwamba nyumbani ni kwema.

Mke wa Kidude, ambaye Brashi alimwita Shemeji na sisi tumwite hivyo hivyo, alikuwa fundi cherehani katika kiwanda cha sare za shule. Alitoka asubuhi na kurudi jioni, miguu imevimba. Kwa kuwa Brashi hakuwa tena na mabango ya kuchora, ndiye aliyekaa na mgonjwa mchana. Walijaribu kila kitu. Walimwonyesha picha za harusi yake, akasema, "Familia nzuri. Bwana harusi amevaa viatu vya kuazima." Kweli vilikuwa vya kuazima, vya Brashi, na Brashi alimrukia akidhani amekumbuka. Hakukumbuka. Aliona tu kwamba vinampwaya.

Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akawaambia kwamba kichwa kinaweza kusahau na mikono ikabaki na mambo yake. "Alipenda kufanya nini kwa mikono?" Wakampa redio mbovu. Akaifungua yote, skrubu kwa skrubu, akashindwa kuirudisha.

"Basi amepona," alisema mke wa Brashi. "Hata zamani hakuwahi kuifunga."

Wakacheka, halafu Shemeji akaanza kulia hapo hapo katikati ya kicheko.

Ndipo Brashi alipoukumbuka mchezo. Kompyuta ya zamani ya Kidude ilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, imefungwa kwa shuka. Fundi wa kompyuta aliifufua kwa shida, akaonya kwamba isizimwe ovyo, akaiunganisha na televisheni ya Shemeji sebuleni. Brashi akaishika padi ya kuchezea, kile kifaa cha vitufe cha mikono miwili, kwa namna mtu anavyoshika kaa aliye hai. Akamtembeza mtoto mwenye ndoo hatua chache, akamtumbukiza kwenye mtaro wa kwanza. Akamtumbukiza tena. Mara ya tatu akautukana mtaro.

"Samahani, fundi," akasema Kidude kwa upole kutoka kwenye kochi. "Nadhani kitufe kinatakiwa kushikiliwa kidogo."

Akaomba padi. Na vidole vyake vikaenda.

Vilikwenda kama maji yanayojua mteremko wake. Mtaro, ngazi, paa, mtaro mkubwa zaidi, mlango wa yule mama aliyelala amesimama, ambaye lazima umpite kwa kunyata huku ndoo umeishika mkononi isigonge. Kidude hakukosea hata mara moja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemenya viazi. Brashi alikaa kando yake, machozi yanamtoka, hajayafuta, kwa sababu hakutaka kusogea akamshtua.

Shemeji aliporudi aliwakuta hivyo. Akaweka mkoba wake chini taratibu. "Amekumbuka?"

"Vidole vimekumbuka," akasema Brashi. "Dalili ya mvua ni mawingu, Shemeji."

Shemeji akamwita jikoni, akafunga mlango. Alisema maneno yake kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema peke yake mara nyingi. Jumamosi angemchukua mumewe na kuhamia kwa mama yake, mji wa mbali, ambako kuna dada zake wa kumsaidia. Huku alikuwa anaumaliza mwili.

"Nimechoka, Shemeji. Nimechoka kuitwa dada na mume wangu. Lakini nakuahidi kitu kimoja. Akikutambua wewe, hata wewe peke yako, hata kwa dakika moja, siendi popote. Nitajua ndani mna mtu, nitamsubiri. Lakini kama hamna mtu, niache niende."

Brashi akapiga moyo konde, akasema sawa. Hakumwambia kuhusu chumba cha chini ya daraja, lakini tayari alikuwa amekishika akilini kwa mikono yote miwili. Mtu aliyekijenga kile chumba akiingia mle ndani, alijiambia, hawezi kutoka akiwa mtu mwingine.

Kila mchana wa wiki ile wakakaa mbele ya televisheni. Brashi, ambaye alizichora zile kuta zote lakini miaka yote hakuwahi kuucheza mchezo zaidi ya mtaro wa kwanza, sasa aliutazama kwa mara ya kwanza mpaka mwisho. Aliona michirizi ya brashi yake. Aliona nzi aliyenasa kwenye rangi mbichi, sasa amekuwa sehemu ya ukuta, mkubwa kama kichwa cha mtoto. Aliona mawingu waliyoyasubiri paani. Mwanga wote wa mchezo ule, ule weupe mchovu unaofanya mtu ajikunyate, ulikuwa mwanga wa mawingu yale. Na aliona mwisho. Mtoto anafika kwenye nyumba ya mwisho, ambamo taa moja bado inawaka. Anapanda juu ya ndoo yake, ananyoosha mkono, na kuizima. Basi. Aliyekuwa akizima taa ni yeye.

"Kwa nini anaizima?" Brashi akauliza, na sauti yake ilikuwa na hasira. "Ametembea kote huko anatafuta nani kazima, kisha anaizima yeye?"

"Sijui," akasema Kidude. "Ndivyo ulivyotengenezwa."

"Na aliyemwita? Ile sauti?"

"Haipo tena. Labda alijisikia mwenyewe." Akaanza upya.

Lakini darajani, kila mara, Kidude aliruka. Vidole vyake vilijua njia ya mchezaji, havikujua njia ya mwenye mchezo. Mtoto anafika ukingoni, anarudi hatua, anakimbia, anaruka pengo, anatua salama upande wa pili.

"Jaribu kudondoka hapo," akasema siku ya pili.

"Hapa mtu akidondoka anakufa, fundi."

"Hafi."

"Anakufa," akasema Kidude, kama anayemwelewesha mtoto. "Nimeshaizoea hii."

Sasa hapa Brashi alifanya jambo ambalo ni mchora mabango tu angelifanya. Mfa maji haachi kutapatapa. Kidude alipokwenda kuoga, mtoto wa mchezo akiwa amesimama ukingoni mwa daraja, Brashi alichukua brashi nyembamba na rangi nyekundu ya mafuta, akachora mshale kwenye kioo cha televisheni. Mshale mzuri, wenye kivuli pembeni, umeelekea chini kwenye pengo, na juu yake akaandika kwa herufi za duka la dawa: SHUKA HAPA. Akarudi nyuma kuutazama. Miaka yote maishani mwake, alipotaka watu waingie mahali, aliandika, nao wakaingia.

Katika uchungu wake alisahau kwamba picha ya mchezo ule hutembea. Kidude alirudi akabonyeza kitufe, daraja likasogea, na mshale ukabaki. Ukaelekea kwenye mtaro. Ukaelekea kwenye paa, kwenye ngazi, kwenye kichwa cha mama aliyelala amesimama. Kidude, mtu wa adabu, akajaribu kuutii. Akamtumbukiza mtoto kila mahali mshale ulipoelekea, akamuua tena na tena, mpaka akaweka padi chini.

"Fundi, hii alama imewekwa na mtu asiyeujua huu mchezo," akasema.

Rangi haikutoka. Tapentaini iliufanya mshale uwe na ukungu na kioo kibaki na doa la waridi. Jioni Shemeji aliingia, akautazama mshale, akamtazama Brashi.

"Televisheni yangu, Shemeji?"

"Nisamehe."

"SHUKA HAPA?"

"Nitakueleza."

"Usinieleze." Akakaa kwenye mkono wa kochi, akaanza kucheka kicheko kisicho na furaha. "Ama kweli, ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni."

Ijumaa mchana Shemeji hakwenda kazini. Alikuwa akifunga mizigo chumbani, mlango uko wazi. Brashi akamwomba Kidude acheze mpaka darajani kisha ampe padi. Yeye mwenyewe asingefika darajani hata angepewa mwaka. Kidude akacheza. Mtoto akafika ukingoni, mshale mwekundu wenye ukungu ukining'inia juu yake.

"Nipe."

"Ukianguka tutarudi mwanzo, fundi."

"Nipe, mdogo wangu."

Kidude akampa. Brashi akabonyeza kitufe cha mbele, mara moja, kidogo tu. Mtoto akapiga hatua hewani na kudondoka.

Alidondoka muda mrefu. Skrini ikawa nyeusi. Kidude akaguna kwa huruma, akijua amekufa. Halafu, polepole, mwanga wa manjano ukawaka, mwanga wa kwanza wa joto katika mchezo mzima, na kikaonekana chumba chenye kitanda kimoja chembamba kilichosukumwa ukutani. Kilikuwa chumba chao cha utotoni. Brashi alikuwa amekichora kwa brashi ndogo aliyoiazima kwa mchora vikombe, kwa kuwa hicho hakukitaka kiwe cha mtu wa ng'ambo ya barabara. Kitandani wamelala wavulana wawili, mkubwa upande wa ukuta. Na chini ya picha yakaanza kutokea maneno, maneno pekee katika mchezo ule wote, herufi moja moja, kama mtu anayenong'ona.

Kidude akainama mbele, akasoma kwa sauti. "Kaka, sogea."

Sauti ilikuwa ile ile. Kila usiku wa utoto wao, kitanda kimoja, shuka moja, sauti hiyo hiyo ya kulalamika. Chumbani mikono ya Shemeji ikaacha kukunja nguo. Mdomo wake ukajibu wenyewe, kabla maneno ya jibu hayajatokea kwenye skrini, jibu alilolitoa usiku mmoja baada ya mwingine akiwa amebanwa kwenye ukuta wa tofali baridi:

"Nisogee wapi, niingie ukutani?"

Na skrini, herufi moja moja, ikaandika: *Nisogee wapi, niingie ukutani?*

Kidude akageuka. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, yamejaa, yanang'aa, na yalimtazama Brashi kwa namna ambayo hayakuwa yamemtazama tangu homa ile. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, gauni moja mkononi.

"Umejuaje?" akasema Kidude.

Brashi akafungua mdomo.

"Umejuaje atajibu hivyo?" Kidude akaangua kicheko cha furaha kabisa, akampiga begani. "Kumbe wewe fundi umeshaucheza! Unanidanganya huwezi kuruka mtaro, kumbe unajua mpaka vyumba vya siri! Haki ya nani, nimekuvulia kofia." Akaitazama tena skrini, bado anacheka. "Hawa ni nani?"

Brashi akawatazama wale wavulana. "Ndugu wawili."

"Wamelala vibaya. Huyu wa ukutani hana raha." Akachukua padi kutoka mikononi mwa kaka yake, kwa adabu, akajaribu vitufe. Akajaribu kushoto, kulia, juu. Mtoto mwenye ndoo alizunguka kitanda na kugonga kuta. "Hakuna mlango," akasema. "Walisahau kuweka mlango wa kutokea."

Hawakusahau. Brashi aliikumbuka siku ile. Yeye ndiye aliyeuliza mtu atatokaje, na Kidude akamjibu, atoke aende wapi, si ameshafika? Aliyasema maneno hayo sasa, kwa sauti, yote, jinsi yalivyosemwa. Kidude akamsikiliza hadi mwisho, akaonyesha kwa kichwa kwamba ni wazo zuri. Kisha akaufunga mchezo, akaufungua tena, na mtoto akaamka mwanzoni katika mji usio na taa.

Brashi alikwenda mlangoni kwa Shemeji. Alitaka kumwambia ampe wiki nyingine. Alitaka kumwambia ameyaona macho yale, kwamba kidogo tu, kwamba labda kesho. Lakini Shemeji naye alikuwa ameyaona macho yale, na alikuwa ameyaona yakielekea wapi. Akamshika Brashi mkono, mkono wenye rangi kwenye kucha, akaushika kwa muda, kisha akarudi kukunja nguo. La kuvunda halina ubani. Brashi akaliokota gauni lililokuwa limemponyoka Shemeji sakafuni, akamsaidia kufunga sanduku.

Jumamosi gari la mizigo lilikuja asubuhi. Mke wa Brashi, ambaye siku hiyo hakutania hata neno moja, alipanga mito kwenye kiti cha mbele ili safari isimuumize mgonjwa. Kochi likapakiwa, kitanda kikapakiwa, televisheni ikafungwa blanketi. Kidude alisimama kando ya barabara katika shati lililonyooshwa, akiwapisha wabebaji, akiwaambia pole kwa kazi. Kila kitu kilipokuwa tayari, akavuka kuja kwa Brashi, akampa mkono.

"Asante sana, fundi," akasema. "Umenihudumia vizuri. Mungu akujalie kazi."

Brashi aliushikilia mkono ule. Alikuwa amelala na maneno usiku kucha, maneno ya kaka, na sasa hakupata hata moja ambalo yule mtu aliyesimama mbele yake angelijua. Dereva akapiga honi. Wateja wengi walikuwa wamesimama mbele ya Brashi namna hiyo hiyo, wakishukuru na kuaga, na kwao hajawahi kukosa neno.

"Karibu tena," akamwambia mdogo wake.

"Nitakaribia," akasema Kidude, akapanda gari.